Walichokitaka Kwenye Shamba la Mama

Mtu akiniletea jambo la heri, mimi kwanza humtazama mikono. Nimesomesha skuli ya wasichana hapa Nizwa, Omani, mpaka nikastaafu, na kusimamia mitihani kumenifunza kwamba mwizi wa majibu si yule anayekodoa macho kwenye karatasi ya mwenzake. Mwizi ni yule wa kwanza kuniomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, kwa adabu zote, akiniita mwalimu wangu kipenzi. Adabu ikizidi hunikosesha raha. Mume wangu kwao ni Bahla, kwenye vyungu, na hunicheka kwamba mtungi ukipasuka kwa jua mimi nitamtafuta mfinyanzi nimhoji.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponipigia simu, akaniambia kwa sauti laini kwamba kuna watu wazuri wanataka kutusaidia kulihifadhi shamba la mama, niliweka chini kisu nilichokuwa nakatia vitunguu. Tuko wawili tu kwa mama, mimi na yeye, na yeye ndiye mwanamme. Anafanya kazi Al Mintirib, kwenye kambi za watalii ukingoni mwa mchanga. Anawapokea wageni, anawapandisha ngamia, anawamiminia kahawa na kuwasikiliza wakisema jua linazama vizuri. Kazi ile humfunza mtu kutabasamu. Tabasamu lake la kazini nalijua, nalo siku hizi lilikuwa limeanza kumfuata mpaka nyumbani.

Shamba lenyewe liko Ibra, nyuma ya nyumba ya mama. Si kubwa. Lina mitende ya mabsili, tende zile za kuchemsha, na michache ya khalasi, na ndimu mbili tatu, na kipande cha majani ya mbuzi. Ni la mama mwenyewe, alilinunua alipofika huku kutoka Unguja, wala halihusiani na urithi wa baba. Kila siku asubuhi mama huvuta kiti chake mpaka mlango wa uani, akanywa kahawa akiitazama mitende yake kama mtu anayetazama wanawe wakienda skuli. Lakini shamba la upande wa kulia limeshakatwa. Jirani aling'oa mitende yote, akajenga nyumba ya mapumziko ya kukodisha, yenye bwawa la kuogelea na taa za rangi, na kila wikiendi familia kutoka Maskati huja kupiga kelele humo. La nyuma nalo limemwagwa zege. Jirani huyo alikuwa ameshamtumia mama salamu na sahani za halua mara nyingi, akitaka kulinunua na lake. Mama alikuwa na wasia mmoja tu, nao aliurudia mpaka tukauzoea. Alisema, "Mimi nikifa mnizike mtakako. Lakini msinimwagie zege kwenye mitende yangu."

Hapo ndipo watu wazuri walipoingia.

Walikuja siku ya Alkhamisi, nami niliondoka Nizwa mapema makusudi nisipitwe na neno. Pale Bidbid nilisimama kununua maji, nikakata kulia njia ya Ibra, na safari nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maswali. Nilipofika nilikuta jozi mbili za viatu vigeni mlangoni. Moja ilikuwa ya bwana mtu mzima mwenye kilemba kilichopigwa pasi vizuri sana, ya pili ya msichana mwenye kompyuta mapajani. Walikuwa wa jumuiya fulani inayohifadhi mashamba ya zamani na mifereji ya falaji. Mdogo wangu alikuwa katikati yao akimenya machungwa, anampa kila mtu, hata mimi alinipa. Nikalishika lile chungwa bila kulila.

Yule bwana alieleza kwa Kiarabu, polepole, kwa ajili ya mama. Alisema shamba litabaki la mama. Mavuno yake. Akitaka kumpa mtu, ampe. Akitaka kuliuza, aliuze. Siku akiondoka duniani, wanawe watarithi kama sheria inavyosema. Kitu anachokitoa ni kimoja tu, nacho ni haki ya kujenga juu ya ardhi ile na kuikata mitende yake. Haki hiyo anaikabidhi kwa jumuiya, na jumuiya nayo hairuhusiwi kuitumia wala kuiuza. Itakaa nayo tu, kama mtu aliyewekeshwa amana. Kila atakayelimiliki shamba baada ya mama, awe mwanawe au mgeni, atalikuta limeshafungwa hivyo.

"Basi ni wakfu," mama akasema kwa Kiswahili. Kiarabu anakijua barabara, amekaa huku umri mzima, lakini jambo likiwa zito hujibu kwa Kiswahili ili apate nafasi ya kufikiri wakati sisi tunamtafsiria.

"Si wakfu hasa, mama," mdogo wangu akasema. "Kwa wakfu ungelitoa shamba lenyewe. Hapa unatoa ile ruhusa ya kuliharibu tu."

Mama akacheka kidogo. "Kama kwetu Unguja. Mnazi wangu, kiwanja chako."

Wote wakafurahi kwa mfano ule. Mimi sikufurahi. Nilimuuliza yule bwana swali ambalo nilikuwa nalo tangu Bidbid: duniani kuna mtu anayechukua kitu asichoweza kukitumia wala kukiuza? Akanijibu kwamba ndiyo maana ya kuhifadhi. Nikamwambia jibu hilo ni zuri, na majibu mazuri huandaliwa. Mdogo wangu akakohoa. Msichana akaniangalia kwa heshima, akaandika kitu, na mimi nikajiuliza anaandika nini wakati hakuna lililosemwa.

Msichana huyo ndiye aliyeuliza, "Na maji? Tuyaandike pamoja na ardhi?"

Asiyekulia huku anaweza asielewe swali hilo. Kwetu Unguja mvua ikinyesha imenyesha kwa wote, na mwenye shamba hana haja ya kumuuliza mtu kama maji ni yake. Huku ardhi ina mwenyewe na maji yana mwenyewe. Falaji huleta maji kutoka chini ya mlima kwa mfereji mmoja, na kila mtu ana zamu yake, siku fulani, saa fulani, na hiyo zamu ni mali mbali na shamba. Unaweza kuirithi, kuinunua, kuiuza, kuikodisha. Mama alikuwa na zamu yake nzuri, ya mchana, aliyoinunua pamoja na shamba.

Mimi nikamkata msichana kauli. "Maji hayamo," nikamwambia. "Ardhi mmeshaifunga, sasa mnataka na maji?"

"Bibi," yule bwana akasema, "shamba bila maji halina maana. Sisi tunapendelea viende pamoja."

"Nyinyi mnapendelea. Maji ni ya mama na yatabaki mkononi mwake."

Mdogo wangu alitaka kusema neno, nikamtazama, akarudi kwenye machungwa yake. Mama alikuwa ameshika kikombe cha kahawa kitupu, anakizungusha. Kisha akasema, "Mwanangu kasema kweli. Maji tuyaache nje."

Msichana akafuta mstari kwenye kompyuta yake. Nilikula lile chungwa sasa, lote, na lilikuwa tamu.

Walipoondoka nikamfuata mama jikoni. Yule msichana wa Tanga anayemsaidia kazi za nyumba alikuwa anaosha vikombe, nikamwomba akatuanikie nguo. Nilitaka tubaki wawili. Nikamweleza mama hesabu yangu yote. Kwa sheria yetu mwana wa kiume huchukua mafungu mawili, mimi moja. Shamba lisiloruhusiwa kujengwa, nani atalitaka kwa bei ya maana? Bei itaanguka. Halafu siku moja mdogo wangu atanijia na ule upole wake, aniambie, dada, hebu nikulipe fungu lako tumalize, na atakachonilipa kitatosha kununulia kondoo wa Iddi, tena mdogo. Baada ya hapo ataleta watalii wake, wapigwe picha chini ya mitende, wanywe kahawa kwenye kiti cha mama. Si shamba lililohifadhiwa? Si ndilo wanalolipenda Wazungu?

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akafuta mikono kwa kanga yake, akasema, "Aliyekuja kulichukua shamba la baba yangu Unguja hakuja na panga. Alikuja na kalamu. Akavua viatu mlangoni, akapewa chai na maandazi. Akasema anahesabu mikarafuu tu."

"Ndiyo hivyo," nikasema.

"Alikuwa na adabu kweli kweli. Mpaka mama yangu akamsifu."

"Ndiyo hivyo, mama. Ndiyo ninavyokwambia."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na nyumba yetu imejaa watu walioumwa. Nilimwona mama ameshtuka, nikaridhika. Niliamini hatatia sahihi.

Akatia. Wiki chache baadaye mdogo wangu alinipigia kuniambia mambo yamekwisha, shamba limefungwa, hakuna tena atakayelimwagia zege. Alisema mama alitia sahihi upesi, kama mtu anayepokea mtungi wa gesi mlangoni, wala hakuuliza swali hata moja. Hapo nilizidi kushuku. Mama yangu haulizi? Mama yangu huuliza hata bei ya kitunguu anachopewa bure. Nikajua mdogo wangu kamlainisha na kitu, sikujua kitu gani.

Tangu siku hiyo nilianza kuchunguza. Nilikuwa nikija Ibra namtazama mdogo wangu viatu, namtazama saa, natazama gari lake limeoshwa au halikuoshwa. Nilimwuliza yule msichana wa Tanga kama kuna wageni waliokuja. Alinijibu, "Dada, mimi mambo ya mashamba siyajui, mimi nampikia bibi tu," na sikumwamini naye, kwa sababu aliyasema huku ananikwepa macho. Nilimwona mama mwenyewe amebadilika. Amekuwa mchangamfu isivyo kawaida, halafu ghafla hunyamaza. Mlango wa uani akawa anaufunga, eti vumbi, na alianza kuvaa mikono mirefu hata ndani ya nyumba. Nilimwuliza kama anaumwa na viungo, akasema ni baridi ya feni. Nikaona hata mwili wake mdogo wangu kamharibia.

Kiangazi kikaja. Kiangazi cha Ibra si cha kusimuliwa, mtu hushika usukani wa gari kwa kitambaa. Tende zilikuwa zinaanza kugeuka rangi, na wakati huo ndio mtende hunywa kuliko wakati wowote. Nilikuja siku ya zamu yetu, mchana, kwa sababu napenda kuyaona maji yanavyoingia, nimeyapenda tangu utoto. Nikapita jikoni, nikafungua mlango wa uani. Mfereji ulikuwa mkavu. Haukuwa mkavu wa leo, udongo wake ulikuwa umepasuka na majani makavu yamejaa ndani. Majani ya mbuzi yalikuwa yamegeuka manjano. Ndimu zilikuwa zimeangusha maua. Makuti ya khalasi yalining'inia, na vichala vya tende vilikuwa vimesinyaa kabla ya kuiva. Mama alikuwa ndani amelala, au anajifanya amelala. Na kutoka ng'ambo ya ukuta, kwa jirani, nilisikia maji yakimwagika kwa nguvu.

Sikumwamsha. Nilirudi kwenye gari na kuondoka moja kwa moja kwenda Al Mintirib.

Njiani nilijipangia kila kitu. Mdogo wangu ameuza maji. Kambi zinahitaji maji kuliko kitu chochote, kule mchangani kila ndoo hupelekwa kwa gari. Shamba limefungwa, hakuna wa kulinunua, maji yamebaki nje, basi ameona aanze na maji. Nilipofika Al Mintirib niliyaona malori ya maji yamepanga foleni yakijazwa, nikayatazama moja moja kana kwamba nitayatambua maji ya mama kwa sura. Nilimkuta mdogo wangu penye ofisi ya kambi, anapunguza upepo wa matairi ya magari tayari kwa kuingia mchangani. Aliponiona alitabasamu lile tabasamu.

"Shikamoo dada. Mbona ghafla?"

Sikuitikia. "Umemuuzia nani?"

"Nimemuuzia nani nini?"

"Maji ya mama. Usinizungushe. Mfereji umekauka."

Tabasamu likaondoka. Sijapata kumwona akifanya uso ule tangu tuko wadogo. Aliketi palepale juu ya tairi. "Wallahi, dada," akasema, "mimi nilidhani ni wewe."

Nikamuuliza ananidhania kwa lipi. Akasema alipoona mfereji mkavu, miezi miwili iliyopita, alikumbuka nilivyokuja juu kuhusu maji mbele ya wageni. Akajiambia, dada hakutaka maji yafungwe kwa sababu alikuwa na mnunuzi. Akanyamaza ili tusigombane mama akiwa hai. Alikuwa akinunua maji ya gari kwa mshahara wake, akiimwagilia mitende usiku usiku, lakini gari moja kwa mitende ile ni kama kumpa ngamia kikombe cha kahawa. Nilisimama pale nikimtazama mikono. Ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Nitasema kweli, sikumwamini hata hapo, lakini nilikuwa nimeishiwa maswali.

Tukaondoka kwa gari langu, tukarudi Ibra, kwenda kwa wakili wa falaji, yaani msimamizi wa zamu zote za maji. Alikuwa amekaa kivulini nje ya msikiti na wazee wenzake. Mdogo wangu akamsalimia kwa urefu kama desturi, habari za afya, habari za watoto, habari za mavuno, na mimi nikisubiri nikitafuna shungi la mtandio. Kisha akamuuliza zamu yetu iko kwa nani.

Wakili akatushangaa. "Kwa jirani yenu. Mama yenu amemuuzia. Nilikuja nyumbani na mashahidi wawili, akatupa kahawa, akasema yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Hakuwaambieni?"

Aliuza lini? Wakili akafikiri. Akasema ilikuwa kabla kidogo ya wale watu wa jumuiya kurudi na karatasi ya sahihi.

Mama tulimkuta ameamka, amekaa kitini mlangoni, mlango umefungwa. Alitutazama tulivyoingia pamoja na akajua. Wala hakungoja tuulize. Alipandisha mkono wa gauni lake, kisha wa pili. Bangili zilikuwa zimempanda kutoka kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko, dhahabu nzito, mpya, ya kizamani kwa mtindo, ile ya Nizwa yenye miba. Mikono yake imekonda, kwa hiyo alizizuia kwa kitambaa zisimshuke.

"Mlikuwa mnakwenda kunyang'anywa," akasema. "Mimi nshaona. Shamba halikimbii na mtu. Waliotoka Unguja na roho zao, walitoka na walichovaa. Nikasema, ardhi waichukue, wataikuta kavu. Maji yangu nimeyavaa."

"Nani aichukue, mama?" mdogo wangu akauliza. Sauti yake haikuwa ya kazini tena. "Nani? Mimi nimekaa hapa na wewe, nimeisoma ile karatasi neno kwa neno. Hakuna wa kuichukua."

"Ndivyo anavyosema kila mwenye kalamu."

Tulikwenda kwa jirani siku ileile. Alitukaribisha kando ya bwawa lake, akatuletea juisi ya embe. Alisema anatupenda, anamheshimu mama yetu kama mama yake, lakini amenunua kwa halali, mbele ya mashahidi, na maji yale ameshayapangia kazi. Hakutukejeli. Alikuwa na adabu. Wakati tunazungumza watoto wa wapangaji wake walikuwa wanarukia kwenye bwawa, wanaturushia matone, na nilitamani kumwinua mmoja baada ya mmoja nimwambie atoke ndani ya zamu ya mama yangu. Jirani alituambia pia, kwa wema tu, kwamba kama tungetaka kuliuza shamba, na yeye angetaka. Kisha akakumbuka. "Lakini limefungwa," akasema. "Halijengwi tena. Basi halinifai."

Mdogo wangu alicheka pale, kicheko kibaya, akaomba ruhusa tuondoke. Njiani kurudi, kando ya ukuta, aliniambia ndiyo hali yenyewe. Tuna shamba ambalo hakuna mtu duniani anayeweza kulikata, kulijenga wala kulitamani, na litakufa lenyewe kwa kiu, kwa sheria zote. Kuna maji yanayonadiwa kila wiki, yale ya falaji yenyewe yasiyo na mwenyewe, na mwenye kutoa zaidi hukodishiwa kwa muda. Tutakuwa tunagombania hayo na wenye mabwawa. Bangili moja itatuvusha kiangazi kimoja, akasema, kama mama atakubali kuivua.

Mama alikubali. Hapo ndipo alipotushangaza. Alikuwa ametusikia tukibishana uani, mimi nikisema tuchimbe kisima na mdogo wangu akisema visima vimekatazwa karibu na falaji, na mama akatuita. Alitaka sabuni. Yule msichana wa Tanga akaleta bakuli la maji na sabuni ya kufulia, akamsugua kiganja taratibu, maana ndipo zinapokwama, bibi pole, bibi kidogo tu, na bangili ya kwanza ikatoka. Mama akampa mdogo wangu mkononi. Hakunipa mimi. Mdogo wangu akaifunga kwenye leso na kuondoka nayo kabla maduka ya dhahabu hayajafungwa, na nilisikia gari langu likiwaka.

Nikabaki na mama mlangoni. Nilifungua mlango wa uani, kwa kuwa ilikuwa haina maana tena kuufunga. Alitazama makuti yaliyoning'inia kwa muda mrefu. Nilimwambia huyu kijana tumwangalie, hatujui atakwenda nayo wapi bangili ile, pengine ingekuwa bora ningefuatana naye. Nilisema hivyo kwa mazoea, mdomo ulitangulia.

Mama hakugeuka. "Yeye kaulinda udongo," akasema. "Mimi nimeuza maji. Wewe, mwanangu, ulikuwa unalinda nini?"

"Nilikuwa nakukinga wewe, mama."

"Unikinge na nani?" akauliza, na sasa akageuka akanitazama. "Na mwanangu?"